Taa za ABS na VSC zinawaka kwenye Noah ya 2008, na nyekundu ya breki inakuja na kupotea: nianzie wapi kabla ya kununua spea?

Mzazi wa Umoja

Habari zenu wataalamu na madereva wenzangu. Ninaendesha Toyota Noah ya mwaka 2008, injini ya lita 2.0, iliyoletwa nchini ikiwa imeshatumika Japani, na kazi yake kubwa ni kuwapeleka watoto shuleni na kuwabeba wazee wa familia tunaposafiri kwenda Nakuru. Kwa muda sasa taa mbili za manjano, ile ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki) na ile ya VSC (mfumo unaozuia gari lisiteleze) yenye picha ya gari linaloteleza, zimekuwa zikiwaka kila siku. Ninapofungua swichi zinawaka kama kawaida na kuzimika baada ya sekunde chache, lakini nikishatoka mtaani na kushika Outer Ring Road zinarudi kwa pamoja na kubaki hivyo mpaka nizime injini. Taa nyekundu ya breki nayo ina mwenendo wake: haiwaki wakati wote, ila huonekana ninapokanyaga breki kwenye mteremko au ninapokata kona kali, kisha hupotea.

Pedali ni ngumu inavyostahili na gari linasimama bila kuvuta upande. Mafundi wawili wamenipa ushauri usiofanana. Mmoja, wa gereji iliyo karibu na nyumbani, anasema pampu ya ABS imekufa na ananitaka nitafute iliyotumika kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi. Wa pili anataka nibadilishe sensa za magurudumu yote manne, zile zinazosoma mwendo wa kila gurudumu. Aliyetumia chombo cha kupimia ni yule wa kwanza tu, tena ni kifaa kidogo kinachounganishwa na simu, na kilisema hakuna msimbo wowote wa hitilafu, jambo lililonishangaza kwa sababu taa zilikuwa zinawaka mbele ya macho yetu.

Ninaomba kufahamu mambo matatu. Uchunguzi wa taa hizi hufuata utaratibu gani kabla ya mtu kutoa pesa? Je, taa nyekundu ni sehemu ya tatizo hilo hilo? Na ni salama kuendelea kuwabeba watoto katika hali hii?


Fundi wa Umeme, Kariobangi

Dada, umeeleza vizuri kuliko wateja wengi wanaofika kwetu, na maelezo hayo yameshafanya sehemu kubwa ya uchunguzi. Kwanza zitenganishe taa hizo, kwa sababu kwa jinsi ulivyoandika, ninaona matatizo mawili yaliyokutana kwenye dashibodi moja.

Taa nyekundu inahusu breki zenyewe: handibreki, kiwango cha mafuta ya breki, au mgawanyo wa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ikiwaka kwenye mteremko au kwenye kona na kuzimika gari likikaa sawa, mara nyingi mafuta yamepungua kwenye kibuyu chake kiasi kwamba yanapoyumba, kielea kilichomo ndani hushuka na kuwasha taa. Mafuta ya breki hayachomwi kama petroli. Hupungua kwa sababu yanavuja, au kwa sababu pedi zimelika na pistoni za kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, zimesogea nje, nafasi iliyoachwa nyuma yake ikajaa mafuta. Kwa hiyo usikimbilie kuongeza. Tazama upande wa ndani wa kila gurudumu kama kuna unyevu, kagua mabomba ya mpira, kisha pima pedi. Ukijaza kibuyu leo bila kutazama pedi, taa itazimika na onyo litakuwa limepotea. Na siku utakapofungiwa pedi mpya, fundi akirudisha pistoni ndani, mafuta ya ziada yatafurika na kubabua rangi ya gari. Hili ndilo la kushughulikiwa kabla ya safari nyingine ya Nakuru, hasa kama mnapitia Mai Mahiu, ambako mteremko ni mrefu na breki hupata joto jingi.

Sasa tuje kwenye zile za manjano. Swali ambalo mafundi hao wangepaswa kukuuliza kabla ya kutaja spea ni moja: zinawaka wakati gani? Kompyuta ya ABS hujikagua kwa hatua mbili. Unapofungua swichi, gari likiwa limesimama, hutazama kama njia ya umeme inayokwenda kwenye kila sensa imekamilika. Waya ukiwa umekatika au plagi imechomoka, taa hukataa kuzimika tangu mwanzo. Gari likianza kutembea, kompyuta hulinganisha mwendo wa magurudumu manne, na moja likikaa kwenye sifuri huku mengine matatu yakiripoti kilomita 20 kwa saa, huacha kuziamini habari hizo, huufunga mfumo na kuwasha taa. VSC hufuata papo hapo kwa kuwa hutumia sensa hizo hizo. Taa zako huzimika kwanza, kisha hurudi gari likishika mwendo. Hivyo nyaya zina uwezekano mkubwa wa kuwa nzima, ila gurudumu mojawapo halitoi habari ya mzunguko wake. Pampu nayo hujipima gari linapoanza kutembea, kwa hiyo siwezi kuiondoa kabisa kwenye orodha bila msimbo. Lakini kuinunua kwa kukisia, tena iliyotumika, ambayo huenda ikadai kusanidiwa upya na kutolewa hewa kwenye mfumo mzima, hapana.

Kuhusu kifaa cha simu, hakikudanganya. Vifaa vingi vya bei nafuu vya aina hiyo husoma kompyuta ya injini peke yake, yaani misimbo inayoanza kwa herufi P. Misimbo ya breki huanza kwa C na hukaa kwenye kompyuta nyingine, ambayo kifaa hicho hakikuwahi kuzungumza nayo.

Tuambie: taa ya injini inawaka? Matairi yote manne ni ya saizi moja? Taa za nyuma huwaka ukikanyaga breki? Na la muhimu zaidi, gari lilifanyiwa kazi gani muda mfupi kabla ya taa kuanza?


Dereva wa Ngong Road

Ninaunga mkono swali la taa ya injini. Katika Toyota nyingi za miaka hiyo, kompyuta ya injini ikipata hitilafu yake huifahamisha ile ya breki, na VSC huzimwa, kwa sababu mfumo huo huzuia gari lisiteleze si kwa breki pekee bali pia kwa kupunguza nguvu ya injini. Msimbo unaobaki upande wa breki ni C1201, na maana yake ni kwamba utafute kosa kwenye injini. Langu lilifanya hivyo, na kilichokuwa kibovu ni sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi, wakati nilikuwa nimeshaambiwa ninunue vitu vya breki.

Pia pima betri na altaneta inayoichaji, maana umeme ukishuka kompyuta ya breki huwa ya kwanza kulalamika, kwa msimbo wa C1241. Betri nzima iliyopumzika huonyesha karibu volti 12.6, na injini ikiwa inanguruma usomaji unapaswa kuwa kati ya 13.5 na 14.5. Zikiwa sawa, ningejaribu kuchomoa terminali ya betri usiku kucha ili kompyuta isahau yaliyopita, nione asubuhi kama taa zinarudi.


Mzazi wa Umoja

Nawashukuru. Taa ya injini haiwaki. Matairi ni ya saizi moja na taa za nyuma zinawaka. Nimemwomba jirani asimame nyuma ya gari atazame. Mafuta ya breki yako chini ya alama ya kiwango cha chini kabisa, na sikuona unyevu kwenye gurudumu lolote, hivyo inaelekea ni pedi.

Kuhusu kazi iliyofanywa: gurudumu la mbele kushoto lilikuwa likivuma, sauti ikipanda kadiri mwendo unavyopanda, na gereji moja ya Industrial Area ikabadilisha beringi. Mvumo uliisha. Sikuwahi kuvihusisha viwili hivyo, lakini nikirudisha kumbukumbu nyuma, taa zilianza wiki hiyo hiyo. Je, beringi inaweza kuwasha taa ya ABS?


Mwalimu Mstaafu wa Ufundi

Inaweza, na katika magari ya umri huu ningeitafuta hapo kabla ya mahali pengine popote.

Kabla sijaeleza, ushauri wa kuchomoa betri usiufuate kwa sasa. Misimbo ya breki mara nyingi hubaki kwenye kumbukumbu hata bila umeme, na ikifutika unakuwa umepoteza ushahidi pekee ulio nao. Aidha kuna magari ambayo sensa ya pembe ya usukani hupoteza alama yake ya katikati betri ikichomolewa, ukaongeza taa nyingine juu ya zile ulizokuwa ukizitafuta.

Sensa za mwendo wa gurudumu ziko za aina mbili. Ya zamani ni koili ya waya iliyozungushwa kwenye sumaku, inayotazama pete ya chuma yenye meno; meno yakipita mbele yake huzaliwa umeme mdogo unaopanda na kushuka. Aina hiyo unaweza kuipima kwa mita, na mara nyingi hutoa kati ya kilo-omu moja na mbili, lakini haioni mwendo mdogo sana. Aina mpya hupewa umeme na kompyuta, nayo hujibu kwa kubadilisha mkondo kati ya takriban miliampia 7 na 14, na huona gurudumu linapozunguka polepole sana. Ya aina hii usiipime ukinzani kwa mita kama ile ya koili, kwani jibu halitakuambia kitu na unaweza kuiharibu. Linaloihusu beringi yako ni hili: mara nyingi sensa za aina mpya hazina pete ya meno. Badala yake, sili, yaani kizibo cha kuzuia uchafu, ya upande mmoja wa beringi ina utepe mwembamba wa sumaku wenye ncha za kaskazini na kusini zinazopishana, na huo ndio unaosomwa. Kwa macho, upande huo hufanana sana na ule mwingine: sili nyeusi au ya kahawia, basi. Fundi asiyejua akiishindilia beringi kinyume, sumaku hutazama nje na sensa hubaki ikitazama sili tupu. Mvumo unaisha, gurudumu linazunguka laini, mteja anaondoka ameridhika, na ABS haipati habari yoyote kutoka upande huo. Kosa la pili linalofanana na hilo ni kuuziwa beringi isiyo na sumaku kabisa, kwa kuwa vipimo vyake vya nje vinaweza kuwa sawa na vya ile yenye sumaku na bei yake iko chini.

Hali hiyo hutoa dalili ulizozieleza: taa huzimika wakati wa kufungua swichi kwa sababu sensa na waya ni vizima, kisha hurudi gari likitembea.

Uthibitisho unaweza kuupata bila mashine ghali. Chini ya dashibodi, upande wa dereva, kuna soketi ya uchunguzi yenye pini 16. Katika Toyota za miaka hiyo, swichi ikiwa imezimwa, ukiunganisha pini ya 4 na ya 13 kwa kipande cha waya kisha ukafungua swichi bila kuwasha injini, taa ya ABS huanza kupepesa misimbo ya tarakimu mbili: mipepeso ya makumi, kituo kifupi, mipepeso ya mamoja. Ikipepesa haraka bila kituo, hakuna msimbo. 31 ni mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Kwenye mashine ya kupimia, misimbo hiyo hiyo huonekana kama C0200, C0205, C0210 na C0215. Hesabu pini kwa utulivu, au mpe fundi wa umeme afanye, kwa sababu pini ya 16 ina umeme wa betri wakati wote, na ukiiunganisha na ya 4 utakata fyuzi au kuunguza waya. Pini ya 12 pia iache, maana hutumika kusawazisha sensa za VSC, na ukiichezea unaweza kujikuta na C1210 au C1336 ambazo hukuwa nazo.

Msimbo wenyewe usiuchukue kuwa hukumu juu ya sensa. 32 inasema habari za mbele kushoto hazifiki au hazieleweki. Kilichokufa kinaweza kuwa sensa, waya, plagi, beringi, au uchafu ulioinyanyua sensa kutoka kwenye kiti chake. Ndiyo maana nchini watu hununua sensa, wakaifunga, na taa ikabaki pale pale.


Msafiri wa Mombasa Road

Mnampeleka dada wa watu kwenye karakana kwa sababu ya taa ya manjano. Breki zinashika, yeye mwenyewe amesema. Baba zetu waliendesha magari yasiyo na ABS kutoka hapa hadi Mombasa na wakafika. Achomoe fyuzi ya ABS au atoe balbu kwenye dashibodi, aendelee na maisha. Akitaka kuuza gari, hapo ndipo afikirie kutengeneza.


Mwalimu Mstaafu wa Ufundi

Bwana, nimeyaendesha magari hayo ya baba zetu na kuyafundisha, kwa hiyo nitakujibu kwa upande wa mitambo peke yake. Ni kweli kwamba ABS ya kielektroniki ya Bosch ilianza kuuzwa mwaka 1978 kwenye Mercedes-Benz S-Class, na kabla ya hapo dunia ilikuwa inasimamisha magari. Lakini gari nyingi zilizobuniwa bila ABS zilikuwa na vali ya kupunguza shinikizo la breki za nyuma, kwa sababu unapokanyaga kwa nguvu uzito mwingi huegemea mbele, nyuma hubaki nyepesi, na magurudumu ya nyuma yakijifunga kwanza gari hugeuka kutazama lilikotoka. Katika magari ya kizazi cha Noah hii, kazi hiyo ya vali imeachiwa kompyuta ya ABS, kwa jina la EBD. Ukichomoa fyuzi, hulirudishi gari kwenye enzi za baba zetu. Unalifanya liwe gari ambalo halina vali wala kompyuta. Gari refu la safu tatu za viti, lenye abiria wachache mbele na nyuma tupu, kwenye lami yenye mvua ya kwanza ya Aprili, ndilo litakalokuonyesha tofauti.

Kwa swali la dada kuhusu usalama: kukiwa na kosa la sensa moja ya mbele, katika magari mengi EBD huendelea kufanya kazi, breki za kawaida zipo, ila magurudumu yanaweza kujifunga ukikanyaga ghafla na VSC haitakusaidia. Unaweza kuendesha hadi gereji, kwa mwendo wa wastani na ukiacha nafasi kubwa mbele. Taa nyekundu ikiwaka na kubaki, pamoja na ile ya ABS, chukulia kwamba EBD nayo imezimwa. Na pedali ikilegea au kuzama, usimamishe gari na uite mtu alivute.

Kuhusu balbu, akiitoa hatajua siku ambayo kosa la pili litajiunga na la kwanza.


Dereva wa Ngong Road

Ushauri wangu wa betri nauondoa. Naomba kuongeza swali moja kwa mwalimu: ikiwa mtu hana uhakika na kuhesabu mipepeso, kuna njia ya kuona gurudumu lenye tatizo likiwa kazini?


Mwalimu Mstaafu wa Ufundi

Ipo, na ni bora zaidi. Tafuta fundi mwenye mashine inayoingia kwenye kompyuta ya breki, si ya injini tu, na inayoonyesha takwimu wakati gari linatembea. Mmoja aendeshe, mwingine atazame kioo. Kwa mwendo wa kilomita 20 hadi 40 kwa saa, kwenye barabara iliyonyooka, magurudumu yote manne yanapaswa kusoma karibu sawa. Linalokaa kwenye sifuri moja kwa moja lina kasoro ya sensa au ya sumaku. Linalosoma vizuri kisha likaanguka kila mnapopita tuta au kila usukani unapokatwa lina waya uliochoka, na hapa kwetu mahali pa kwanza pa kutazama ni pale waya unapopinda nyuma ya gurudumu, kwenye vishikizo vyake, kwa kuwa mafundi wengi huvivunja wakati wa kufungua shoku na hawavirudishi. Linalosoma tofauti kidogo wakati wote, tazama saizi na upepo wa tairi kabla ya kushika kitu kingine. Magari yaliyopita kwenye maji ya mafuriko ya Aprili 2024 yana kisa chao: plagi zilizoota kutu ya kijani, ambazo husoma vizuri siku kavu na kukataa siku ya mvua.


Mzazi wa Umoja

Ninarudi na majibu. Nilimpata fundi mwenye mashine ya kusoma mfumo wa breki. Msimbo ulikuwa C0205 peke yake, wa mbele kushoto, na tulipoendesha, magurudumu matatu yalisoma sawasawa huku hilo likibaki sifuri kwa mwendo wote. Pampu haikuwa na msimbo wowote.

Kisha alifanya jaribio ambalo sikulitarajia. Aliitoa sensa kutoka kwenye kiti chake, akaingiza sindano nyembamba ya chuma iliyofungwa uzi kwenye tundu hilo, na haikuvutwa hata kidogo. Akarudia upande wa kulia, ambao haukuwahi kuguswa, na pale sindano ilivutwa taratibu ikashika. Kwa hiyo beringi ya kushoto ama imefungwa kinyume, ama haina sumaku kabisa. Amesema jibu kamili litapatikana ikishatolewa, na kwamba beringi iliyoshindiliwa ndani ya nyumba yake haitolewi bila kuumia, hivyo lazima ninunue nyingine.

Pedi za mbele zimelika sana. Ya ndani ya upande wa kulia imebakiza milimita mbili tu, wakati ya nje ina nyama ya kutosha. Je, hilo nalo lina maana? Na nimwambie nini fundi ili kosa la beringi lisirudiwe?


Fundi wa Umeme, Kariobangi

Nimefurahi kwamba pesa ya pampu imebaki mfukoni. Jaribio la sindano ni zuri, na kwa hali hii linatosha.

Pedi ya ndani kulika huku ya nje ikiwa nene ni ishara kwamba kalipa haitelezi kwenye pini zake, kwa hiyo pistoni inaisukuma pedi ya ndani peke yake. Zitolewe pini, zisafishwe, zipakwe grisi maalumu ya breki inayovumilia joto, na mipira yake ikiwa imepasuka ibadilishwe. Vinginevyo pedi mpya zitaisha kwa mtindo huo huo. Unene wa diski upimwe pia, kikomo chake huwa kimeandikwa kwenye diski yenyewe. Pistoni zikisharudishwa ndani, tazama kiwango cha mafuta kabla ya kuongeza chochote. Kama mafuta hayajabadilishwa kwa miaka, yatolewe yote, maana hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi, lakini yakishaingiwa na maji kipimo cha chini kinachokubalika ni nyuzi 140, na kwenye mteremko mrefu joto hilo si la ajabu. Nunua chupa iliyofungwa, ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kibuyu. DOT 4 inachanganyika na DOT 3; DOT 5 ya silikoni haichanganyiki, usikubali hata ukiambiwa ni bora.

Kuhusu beringi, mpelekee fundi iliyo na namba inayolingana na gari lako, na kabla haijaguswa na presi, ile mashine ya kushindilia, pitisha sindano ile ile pande zote mbili za sili ili mjue sumaku iko wapi, kisha mtie alama kwa kalamu. Sumaku itazame upande ilipo sensa. Isiwekwe kwenye sahani ya vifaa yenye sumaku, wala isigongwe kwa nyundo. Presi isukume pete ya nje pekee wakati wa kuiingiza kwenye nyumba yake, kwa sababu ukisukuma ya ndani unaziumiza gololi na mvumo utarudi mapema. Kiti cha sensa kisuguliwe kwa msasa laini hadi kutu itoke, na sensa ikae chini kabisa kwa mkono. Ikikataa kuingia, kuna uchafu. Ikilazimishwa kwa nyundo itavunjika, na hapo mtakuwa mmetengeneza kosa jipya. Nati ya ekseli iwe mpya.

Mkimaliza, msimbo ufutwe kwa mashine. Akikosa mashine, kwa waya ule ule kwenye pini za 4 na 13, swichi ikiwa imefunguliwa, pedali ya breki ikikanyagwa mara nane au zaidi ndani ya sekunde tano kumbukumbu ya ABS hufutika. Waya utolewe, kisha endesheni zaidi ya kilomita 40 kwa saa, mkitazama takwimu za magurudumu yote manne kabla hujalipa.

Endapo mbele kushoto kutaendelea kusoma sifuri huku sindano ikionyesha kwamba sumaku ipo na inatazama panapostahili, basi wapime umeme unaofika kwenye plagi ya sensa hiyo na wakague waya kutoka hapo hadi ndani ya bodi. Umeme ukifika na waya ukiwa mzima, nunua sensa moja, ya gurudumu hilo.